Runner, Campbell au bata wetu wa kawaida: yupi wa kumleta bandani?

Ukimwona Indian Runner kwa mara ya kwanza, utadhani mtu amesimamisha chupa kwenye nyasi. Shingo nyembamba imenyooka, mabega hayaonekani, mwili umekaa wima, na miguu imewekwa nyuma kabisa karibu na mkia. Ghafla chupa moja inashtuka. Nyingine kumi zinashtuka nayo, na zote zinatimka upande mmoja kama abiria walioona daladala yenye viti. Ule mwendo wa kuyumba tuliozoea kuutania, huyu hana. Hutembea, na akitaka kufika mapema hukimbia. Jina lake, Runner, yaani mkimbiaji, limetoka hapo.

Tangu niwe nao, wapita njia husimama kucheka kwanza, kisha huuliza: wanataga kweli, au ni pambo? Swali zito zaidi huja baadaye, kwa sauti ya chini: mimi nina bata wangu wa kawaida, niwauze nilete hawa? Ndiyo maana hapa nawaweka watatu pamoja. Kuna Runner, kuna Khaki Campbell, na kuna Muscovy, yaani bata wetu wa kawaida, yule mwenye vinundu vyekundu usoni anayepuliza pumzi badala ya kulia. Msimamo wangu nautoa mapema: Runner ni bata wa mtu mwenye sehemu ya kuwatembeza na mwenye tabia ya kuamka alfajiri. Ukikosa kimojawapo, chukua mwingine.

Walikotoka

Runner na Campbell ni ndugu. Wote wawili wametokana na bata mwitu wa kaskazini, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Muscovy ni spishi nyingine kabisa. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini, na wenyeji wa huko walikuwa wakimfuga kabla Wazungu hawajafika. Ishike tofauti hiyo, itakuokoa tutakapofika kwenye kutotolesha.

Neno "Indian" lisikudanganye, maana hakutoka India. Kwao ni visiwa vya Indonesia: Java, Bali, Lombok. Huko bata alichungwa kama mbuzi. Asubuhi mchungaji huwatoa, hupita nao juu ya matuta mpaka kwenye majaruba yaliyovunwa, huchomeka mwanzi mrefu wenye kitambaa au manyoya kileleni, na bata huzunguka hapo hapo wakiokota punje zilizodondoka, konokono na wadudu. Jioni huung'oa mwanzi, nao humfuata nyumbani. Sasa fikiria karne kadhaa za maisha hayo. Bata mzito asiyeweza safari aliishia chunguni. Bata aliyetaka kukalia mayai wiki nne hakuwa na nafasi katika kundi linalohamahama. Waliobaki ni wepesi wa miguu, wanaotaga popote asubuhi inapowakuta, na waliosahau kuatamia. Sifa unazozitafuta kwa Runner na kero utakazozilalamikia zote zimezaliwa kwenye majaruba yale.

Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace alifika Lombok mwaka 1856 akawakuta wakitembea wima karibu kama pengwini, kwa makundi makubwa na kwa bei rahisi. Mabaharia wa meli za mchele waliwala sana, wakiwaita askari wa Bali. Kwangu mimi jina hilo lingewafaa kuliko hili la Kihindi, maana wakipanga foleni kwenda malishoni huwezi kuacha kumtafuta sajini. Meli ndizo zilizowafikisha Uingereza katika karne ya 19, kupitia bandari ya Whitehaven, na wakulima wa Cumberland wakawashika kwa sababu ya mayai.

Campbell alizaliwa huko huko Uingereza. Bibi mmoja wa kijiji cha Uley, Gloucestershire, aitwaye Adele Campbell, alikuwa na Runner wanaotaga vizuri ila nyama haba. Mwishoni mwa miaka ya 1890 akawachanganya na Rouen, bata mkubwa wa Kifaransa, na pia na bata mwitu. Baadaye akapata wenye rangi ya udongo mkavu, akawaita Khaki kwa kufananisha na sare za askari wa Kiingereza wa siku zile za vita vya Makaburu. Kwa hiyo Campbell ni mtoto wa Runner aliyeongezewa mwili. Ukisikia mtu akisema wawili hawa ni maadui wa kibiashara, mkumbushe kwamba ni mzazi na mwanawe.

Mayai, na neno "ukoo"

Wauzaji hupenda kusema Runner anataga mayai 300 kwa mwaka. Inawezekana. Lakini uliza kwanza: Runner wa ukoo gani? Huko Ulaya na Marekani wamegawanyika njia mbili. Kuna koo zilizochaguliwa kwa maonyesho, ndefu, zilizonyooka kama mshumaa, na hizo zinaweza kukupa mayai 150 au 200 tu. Kuna koo za kazi, fupi kidogo na zilizoinama kidogo, ambazo ndizo zinazokaribia 300. Kwa hiyo usishangae ukiletewa bata mrembo kuliko wote, kisha kapu likawa jepesi kuliko ulivyotarajia. Nikiwa na kundi mbele yangu na nataka mayai, simchagui aliyesimama wima kupita wote. Namchagua jike mwenye tumbo pana kwa nyuma, macho angavu, na mwendo usiochechemea.

Campbell ana faida hapa. Amechaguliwa kwa mayai tangu siku ya kwanza, na 250 hadi 300 kwa mwaka si ndoto kwake akilishwa ipasavyo. Muscovy hutaga kwa mizunguko: anataga kiota kimoja, anataka kuatamia, anapumzika. Kwa mwaka utapata mayai kati ya 60 na 120, makubwa na mazito, lakini mwenyewe ana mipango nayo.

Runner na Campbell huanza kutaga wakiwa na miezi 5 hadi 6. Muscovy huchelewa, miezi 6 hadi 7. Yai la Runner lina uzito wa gramu 65 hadi 75, kubwa kuliko yai la kawaida la kuku. Baadhi hutaga mayai yenye rangi ya kijani au bluu hafifu, na wateja wa mara ya kwanza hudhani yameoza. Andaa maelezo mapema.

Habari ya mwanga ni fupi. Bata hutaga vizuri zaidi siku ikiwa na mwanga wa saa 14 hadi 16. Huku kwetu karibu na ikweta hatuna majira ya baridi yenye siku fupi ya kuwafungia mayai, lakini pia hatuvuki sana saa 12. Wapo wanaowasha taa saa mbili kabla ya mapambazuko. Mimi siwashi, napokea ninachopewa.

Kinachowashinda wengi ni kuokota. Bata wa mayai hutaga alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi wengi wameshamaliza. Muscovy atakuchimbia kiota chini ya mgomba, akifunike kwa manyoya, na usimwone mpaka atoke na watoto kumi na wawili. Campbell hukubali kiota ukimfundisha. Runner anataga akiwa njiani. Nimewahi kuokota yai ndani ya bakuli la maji, jingine kwenye mtaro, na jingine katikati ya njia kana kwamba limedondoka kwenye mfuko wa mtu. Dawa yake ni moja: usifungue banda kabla ya saa tatu. Weka matandiko safi na makavu, waache watagie ndani, okota, kisha wafungulie. Ukiwafungulia saa kumi na mbili kwa sababu wanapiga kelele, kunguru na kenge watakushukuru.

Yai lililolala kwenye tope lisiende sokoni. Ganda lina vitundu, na uchafu huingia. Mayai ya bata yapikwe yakaiva kabisa, hasa kwa watoto na wajawazito. Ukiona mayai yanazidi walaji, waige watu wa Brebes, Java ya Kati, ambao mji wao umejulikana Indonesia nzima kwa mayai ya bata ya chumvi. Yai bichi hupakwa mchanganyiko wa chumvi na majivu au unga wa matofali, likakaa wiki mbili hivi, kisha likachemshwa. Kiini hutoka na mafuta, rangi ya machungwa, na linaliwa na wali bila mchuzi.

Nani atakalia mayai?

Runner na Campbell mara nyingi hawaatamii. Akitokea mmoja akakaa, usimwekee imani, huenda siku ya kumi akaondoka kufuata wenzake. Kwa hiyo ukitaka kuendeleza kundi unahitaji mashine ya kutotolea, au mama wa kukodi.

Mayai ya Runner na Campbell huanguliwa kwa siku 28. Kuku hukaa siku 21 kwa mayai yake, lakini kuku mwenye moyo wa kuatamia huendelea wiki ya nne bila kuhesabu. Mpe mayai matano au sita, yasizidi uwezo wa mbawa zake, na siku za mwisho yanyunyizie maji vuguvugu kidogo kwa sababu kuku hatoki na manyoya mabichi kama bata. Mama bora kuliko kuku ni Muscovy. Mayai yake mwenyewe huchukua siku 35, hivyo siku 28 kwake ni kazi ndogo, na hukalia dazeni bila shida. Ndiyo maana nasema mwenye Muscovy asimuuze kwa sababu ya Runner. Abaki na majike wawili wa kuatamia, Runner wajaze kapu, kila mmoja afanye anachokijua.

Sasa ule mtego niliousema. Muscovy dume akimpanda Runner jike, mayai yanaweza kuanguliwa, na watoto watakua vizuri, hata kwa haraka. Lakini ni nyumbu, hawazai. Taiwan na Ufaransa wanawatengeneza kwa makusudi, kwa ajili ya nyama. Wewe uliyetaka mbegu ya mayai utakuwa umelisha miezi sita ndege ambao hawatakupa kizazi. Zaidi ya hapo, dume la Muscovy linaweza kufika kilo 5 na jike la Runner halizidi 2. Mgongo wake utaumia. Ukifuga aina zote mbili, majike wa Muscovy wanatosha, dume lake likae kwa jirani.

Runner wao kwa wao, dume mmoja atosha kwa majike watano hadi wanane. Madume wakizidi, majike hunyonyolewa shingo. Kuwatambua si kazi: jike hulia kwa sauti kubwa iliyokatika, dume hukwaruza koo kama mwenye mafua, na akikomaa manyoya ya juu ya mkia wake hujikunja kama ndoano. Ukitaka mayai ya kula tu, dume wala huhitaji.

Shambani

Hapa Runner hana mpinzani, na hapa ndipo ningemshauri mtu atoe fedha.

Kuku huparua. Ukimwachia bustani atafukua mizizi, atatawanya samadi na kuacha mashimo. Bata haparui. Huchomeka mdomo kwenye majani na tope, hunasa konokono, funza, panzi, na kuendelea. Muscovy hufanya hivyo pia, na kwa kukamata nzi ni hodari wa ajabu, lakini hupenda kulala kivulini na kula nyasi karibu na nyumba. Campbell hutembea zaidi. Runner anafika mwisho wa shamba, anarudi, anakwenda tena. Mashariki ya Cape Town kuna shamba la mizabibu liitwalo Vergenoegd ambalo limekuwa likiwatoa Runner zaidi ya elfu moja kila siku kupita kati ya mistari ya mizabibu wakila konokono, na watalii huenda kuwatazama wakipita. Kazi ile ile ya Lombok, bwana wake tu amebadilika.

Kwenye mpunga, Mjapani Takao Furuno alianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwaingiza bata majarubani badala ya kuwapitisha baada ya mavuno tu, akawa mfano kwa nchi nyingi za Asia. Bata wake ni chotara wa aina nyingine, lakini kanuni haibadiliki. Vifaranga huingizwa wiki moja au mbili baada ya miche kupandikizwa na kushika mizizi. Hula magugu machanga na wadudu, huchafua maji hivi kwamba magugu hayapati mwanga, na kinyesi chao ni mbolea. Mpunga ukitoa masuke, bata watoke siku hiyo hiyo, la sivyo watavuna kabla yako. Jambo hili si la mbali kwetu. Mwaka 2020 konokono mkubwa wa Amerika Kusini, anayetaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mashina ya mpunga, alithibitishwa katika skimu ya Mwea nchini Kenya. Bata huwala wale wadogo. Wakubwa wamewashinda mdomo, na hao waokotwe kwa mkono.

Kwenye mboga kuwa mwangalifu. Mchicha mchanga na miche ya kabichi wataila na kuikanyaga. Mimi huwaingiza kabla ya kupanda na baada ya kuvuna. Kwenye migomba na minazi huwaachia mwaka mzima.

Chakula: makosa mawili yanayoua vifaranga

La kwanza ni kuwalisha kama vifaranga wa kuku, nukta. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, kuliko wa kuku. Akiikosa miguu hupinda, vifundo huvimba, hushindwa kutembea. Kwa bata yeyote hiyo ni hasara, kwa Runner ambaye maisha yake yote ni miguu, ni kifo. Ukitumia chakula cha vifaranga wa kuku, ongeza chachu kavu ya bia inayouzwa kwa ajili ya mifugo. Dagaa wasio na chumvi waliosagwa na mashudu ya alizeti husaidia pia. Wiki tatu za kwanza protini iwe asilimia 20 hadi 22, kisha ishuke hadi 16 au 17. Majike wakianza kutaga, wape chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa.

La pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Hili nimelilipia. Nilinunua gunia la pumba za mahindi lililokuwa limepata unyevu, nikalianika jua kali nikadhani nimeliponya. Kuku wakubwa wakanywea siku mbili tatu wakainuka. Vifaranga wanane wa bata hawakuinuka hata mmoja. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba bata, hasa kifaranga, ni miongoni mwa ndege wanaodhurika haraka zaidi na sumu hiyo, na jua haliiondoi. Katika nchi zetu zenye joto na mahindi yanayohifadhiwa kienyeji, hili ni tishio kubwa kuliko magonjwa mengi. Pumba ikinuka ukungu, tupa. Usimpe hata nguruwe wa jirani.

Mkubwa akifungiwa hula takribani gramu 150 hadi 170 kwa siku. Runner anayetembea shambani hupunguza hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa, na ndipo faida yake inapoonekana. Runner aliyefungiwa bandani mchana kutwa ni Campbell mwenye nyama kidogo na woga mwingi. Kwa nini ujisumbue?

Maji, banda na woga

Bwawa si lazima. Kinacholazimu ni chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo wote na macho, sentimita 12 hadi 15, kwa sababu bata husafisha pua na macho kwa maji. Maji yakiwa ya juu juu tu, macho huota tongo na kuvimba. Ndoo iliyokatwa nusu inatosha. Iweke nje, juu ya kokoto, mbali na mlango wa banda, maana mchezea tope humrukia, na bata huyachezea kutwa. Maji yaliyotuama yenye majani na mizoga yaogopeshe zaidi ya uchafu wa kawaida: humo hutokea sumu inayolegeza shingo ya bata mpaka inalala chini.

Banda ni la kulala tu. Maranda au pumba za mpunga, kavu, na nafasi ya takribani nusu mita ya mraba kwa kila mmoja. Runner na Campbell hulala sakafuni, usihangaike na vijiti. Muscovy hupenda kupanda juu. Runner haruki, ua wa nyavu usiofika mita moja humzuia. Muscovy jike huruka juu ya paa akitaka, hivyo punguza manyoya ya ubawa mmoja. Lakini ua wa kumzuia Runner asitoke si ua wa kuzuia mbwa au kicheche asiingie. Hayo ni mambo mawili tofauti, na usiku banda lifungwe vizuri.

Woga wa Runner ni jambo la kulizoea. Mmoja akishtuka, wote hukimbilia pembeni na kupandana. Usiwakimbize. Shika fito mbili ndefu, zinyooshe kama mikono, tembea polepole nyuma yao, watakwenda kama maji kwenye mfereji. Wala usimshike bata huyu miguu kama tunavyobeba kuku sokoni. Mfupa wa paja lake huumia kirahisi, na Runner aliyevunjika mguu hana kazi tena. Mshike mwilini, mbawa zikiwa zimefungwa, mkono mwingine chini ya kifua. Campbell ni mtulivu kidogo. Muscovy humzoea mwenye nyumba mpaka kero.

Ukikaa nyumba za kupanga zilizobanana, habari ya sauti ndiyo itakayoamua. Majike sita wa Runner wakiona paka saa kumi alfajiri, mtaa mzima utajua. Campbell ni yale yale. Muscovy karibu bubu. Kwa mjini sina ushauri mwingine.

Upande wa magonjwa, bata ni wagumu kuliko kuku. Kideri kinachofagia kuku wa kijiji kizima mara nyingi hakiwaangushi, lakini wanaweza kukibeba na kuwapelekea kuku wako, kwa hiyo chanja kuku usiwategemee bata. Mafua ya ndege vilevile: bata anaweza kubeba virusi bila dalili. Wakifa ndege wengi kwa pamoja, muite daktari wa mifugo kabla ya kuchinja yeyote.

Na nyama?

Hapa Runner aondoke mezani. Ukishamchinja unabaki na kitu cha watu wawili wasio na njaa. Campbell anazidi kidogo. Dume la Muscovy la kilo 5 ndilo bata la sikukuu, la kupikwa na nazi, la kuitia wageni. Watu wa Dar es Salaam wakisema wanakula bata mpaka kuku waone wivu hawamaanishi ndege, lakini kama wangemaanisha, ndege mwenyewe ni Muscovy.

Kwa anayetaka tarakimu kwa jicho moja:

| | Runner | Khaki Campbell | Muscovy |
|---|---|---|---|
| Uzito wa dume | kilo 1.6–2.3 | kilo 2.3–2.5 | kilo 4.5–6 |
| Uzito wa jike | kilo 1.4–2 | kilo 2–2.3 | kilo 2–3 |
| Mayai kwa mwaka | 150–300, kwa ukoo | 250–300 | 60–120 |
| Kuatamia | nadra | nadra | hodari |
| Siku za kuanguliwa | 28 | 28 | 35 |
| Kuruka | hapana | hafifu | ndiyo, hasa jike |
| Sauti ya jike | kubwa | kubwa | ndogo sana |

Ningechukua yupi?

Mwenye ekari ya migomba, minazi, miembe au mpunga, konokono wanamsumbua, na yupo nyumbani asubuhi: Runner, bila kusita, pamoja na Muscovy jike mmoja au wawili wa kuatamia. Mwenye uwanja mdogo uliozungushiwa ua, anayenunua chakula chote, na anahesabu mayai kwa trei: Campbell. Atakupa mayai mengi kwa uhakika zaidi na hatakufa kwa hamu ya kutembea. Mwenye mtaji mdogo, hana mashine, majirani wako dirishani, na anataka nyama ya Idi na Krismasi: abaki na bata wake, na asione aibu. Ndege anayejitotolea mwenyewe ni mtaji unaojizaa.

Tahadhari moja kuhusu kununua Runner. Kwa kuwa ni wachache huku, huuzwa ghali, na machotara wao na aina nyingine za bata huuzwa kwa jina lao. Usikubali kuwaona ndani ya kizimba au tenga. Mwambie muuzaji awafungulie uwanjani, kisha wewe usogee hatua chache. Runner halisi akishtuka hunyooka juu zaidi na kukimbia kwa hatua, miguu ikipishana. Chotara huinamisha kifua na kuyumba. Mwenye mguu unaochechemea mwache hata akipunguzwa bei. Nunua wasiopungua sita, maana mmoja au wawili hulia kutwa wakitafuta kundi, na ukifika nao nyumbani wafungie bandani siku mbili tatu wapajue kabla hujawaonyesha shamba.